Mulango ya Chumvi Haikuingia mu Masini

Ninyi munaojifunza leo kusimamisha muji ya Bunia mu ordinateri, ile kompyuta, nyumba na kimo yake, muliniomba niwaandikie kurasa kidogo juu ya kazi yangu. Mulisema na adabu nyingi: "Mama Furaha, utusimulie, lakini majina ya watu uache." Nilikuwa nakunywa chai yenu, nikasema ndiyo. Sasa chai imeisha. Majina nitataja.

Théophile, injenia mukubwa wa biro ya ramani. Gaspard, mwenye depo ya simenti. Nyuma ya kartie yetu kulikuwa njia moja nyembamba, inatoka jikoni kwa jirani yangu Neema inashuka mpaka kwa mto. Hawa watu wawili wameifunga. Wa kwanza aliifunga na ekrani, wa pili na tofali. Wakisoma hii na wakisikia moto mu tumbo, kwangu wanapajua, mulango ni ya buluu. Waje na muchana, nitawapa kiti.

Masomo yangu ilikomea darasa ya sita, na hata ile ya sita nilikaaka karibu na dirisha. Lakini nimetembea hii muji na mita mu mukono miaka karibu makumi mbili. Mbwa ya kila avenu inanijua. Ile nyumba munaona kwenye ekrani kama sanduku ya sabuni, miye naijua kwa harufu ya jiko yake, na kwa nani anaingia pale bila kubisha hodi. Na hii ya mwisho, nani anaingia kwa nani na anapitia wapi, njo kazi yenyewe. Ile ingine yote ni kupaka rangi.

Aliyenifundisha aliitwa Muzee Anselme. Alikuwa mutu mufupi, mukali, na alivaaka suruali mbili, moja juu ya ingine, hata jua ikiwaka namna gani. Siku ya kwanza nilimuangalia miguu.

"Unacheka?" akaniuliza.

"Hapana, muzee."

"Unacheka. Sawa. Siku mbwa itakushika, ile kitenge yako itakuaga mbele ya wakwe zako."

Wiki ya pili mbwa ya fundi-cherehani moja ilinishika. Kitenge ilibaki mu meno yake. Nilirudi biro nimejifunga koti ya Anselme kiunoni, na yeye alitembea mbele yangu akiimba wimbo ya kanisa polepole. Toka siku ile nilivaa suruali chini ya kitenge, moja, na siku ya avenu yenye mbwa mubaya, mbili. Muandike hii mu tablete yenu. Hakuna injenia atawafundisha.

Wakati ile tulikuwa na mita ya kitambaa, daftari na kreyo ya kuandikia. Kupima ukuta nilijifunza mu siku mbili, ni kazi ya kuvuta na kusoma namba. Siku ya tatu Anselme alinipeleka nyuma ya nyumba, mahali watu hawapeleke wageni, karibu na jiko.

Munajua lupango, ni uwanja ya nyumba na uzio yake. Hapa kwetu, watu wakipiga uzio kati ya lupango mbili, waliachaka nafasi ndogo kule nyuma. Mama zetu waliita ile nafasi mulango ya chumvi, juu mutoto njo anatumwa kupitia pale kuomba chumvi kidogo, ao kaa ya moto, ao kusema nyanya ameamuka vibaya. Haina mbao, haina kufuli. Mutu mupya akinunua parsele, anaikuta pale, anaiacha. Ukiifunga bila kuongea na jirani, ni sawa umemuambia: siku utakufa, sitakuya kukulilia.

"Hii njo utaandika," Anselme akasema. "Nyumba haikae peke yake. Nyumba iko na mikono."

"Na nitajuaje kama watu bado wanapitana? Nitawauliza?"

"Ukiuliza, watakudanganya. Mwenye kugombana na jirani yake atakuambia wanapendana. Angalia fagio."

Hapo sikuelewa. Kesho yake alinileta saa kumi na mbili ya asubuhi, wakati ba mama wanafagia. Fagio inaachaka mistari mu vumbi, kama mutu alipitisha vidole. Anselme aliinama, na zile suruali zake mbili, akanionyesha. Kama mistari ya huku inafika kwenye nafasi inasimama, na ng'ambo majani imeota, ile mulango imekufa, hata kama watu wanaapa. Kama mistari ya huku na mistari ya kule zimekutana katikati, hakuna jani hata moja, ile mulango iko hai. Hakuna mwanamuke anafagia mahali hatapita. Lakini lazima ufike mbele ya saa mbili, juu kisha miguu inafuta yote.

Ninyi munatokaka biro saa ine na kofia mupya. Munakuta vumbi tu, munaandika: hakuna kitu.

Kisha kuona kama iko hai, unapima. Anselme hakuamini namba peke yake. Alikuwa na vipimo tatu. Cha kwanza, mutu mwenye mikono mitupu. Cha pili, mama mwenye beseni kichwani. Cha tatu, mugonjwa mu kipoyi, na watu ine wanabeba. Njia ingine inapitisha mutu na inakataa beseni, juu bati ya jiko imeshuka. Ingine inapitisha beseni na inakataa kipoyi, juu kuna kona. Tulichoraka kijiti moja, viwili ao tatu. Ukiona vijiti tatu kwenye daftari yangu, ujue mugonjwa anatoka pale akiwa mulalo.

Sasa kosa yangu. Nawaandikia hii mbele sijaandika makosa ya wengine, musiseme Mama Furaha anajipaka mafuta.

Ile njia ya nyuma kwa Neema niliipima miye mwenyewe mu mwaka yangu ya kwanza. Fagio zilikutana muzuri. Upana metre moja na nusu, hakuna kona, hakuna bati. Nilichora vijiti tatu na nikajisikia injenia. Ramani ikaenda mpaka kwa watu wa kubeba wagonjwa wa kartie. Miezi kidogo kisha, Neema akashikwa na uchungu ya kuzaa, na avenu ya mbele ilikuwa matope mpaka magoti. Wakaangalia ramani: vijiti tatu. Wakamubeba kwa nyuma. Miye nilikuwa pale, nashika kona moja ya kipoyi, tena na kiburi.

Tulifika kwenye nafasi, tukasimama kama mbuzi mbele ya mto. Ile lupango ya chini iko chini kweli. Mvua ilikata udongo, na kati ya Neema na jirani yake kulikuwa shimo yenye kimo kushinda mutu. Watu walishukaka kwa ngazi waliyochonga mu udongo, mutu moja moja, mukono ukishika muzizi. Niliijua! Nilishuka pale kila siku. Lakini kwenye daftari niliandika upana tu, na karatasi iko sawa sawa kama mukeka, haijui juu wala chini.

Neema akiwa mulalo akauliza: "Nani aliandika hii njia?"

Nikasema, "Miye."

"Furaha, nikizaa hapa juu, mutoto ataitwa jina yako, na nitamuchapa kila siku."

Tulimurudisha jikoni kwake, na alizaa pale, kati ya sufuria. Binti. Anaitwa Furaha, sasa ni musichana mukubwa. Mama yake anasema hakumuchapa sana.

Anselme hakunigombeza. Aliniambia neno moja: "Umepima muji kama kitambaa." Toka siku ile, kwa kila mulango ya chumvi niliandika pia kimo: unapanda ngapi, unashuka ngapi, kuna nini juu ya kichwa, kuna nini chini ya muguu. Watu wa kartie wakaweka pale ngazi ya kweli, pana, na mbao ngumu ya libuyu kutoka Mambasa, na kipoyi ikaanza kupita. Nikarudia kuchora vijiti tatu. Hii mara sikujisikia kitu, nilienda tu kuipanda mara kumi.

Njo vile, wakati ile proje, ule mradi ya ordinateri, ilikuya, miye nilifurahi kushinda ba injenia wote. Walituambia: sasa muji itasimama, nyumba itakuwa na kimo, etaji, ile gorofa, itaonekana, bonde itaonekana. Nikasema mu roho yangu, sasa njo siku ya Anselme, hata kama yeye ameshakufa. Nilileta daftari zangu zote mu mufuko ya muchele.

Théophile alikuwa kijana wa masomo mingi, shati nyeupe, na alipendaka neno "safi". Alinionyesha ekrani. Nyumba zetu zilisimama pale, moja moja, muzuri, na kivuli. Nilitafuta njia kati yao. Hakuna.

"Na hii nyumba inaongea na ile namna gani?" nikamuuliza.

"Masini inajua yenyewe, Mama. Nyumba zikigusana, inaziunganisha. Zisipogusana, haziunganishi."

Nilicheka, na pale nilikosea, juu mutu wa shati nyeupe hapendi kuchekwa mbele ya watu. Nikamuambia: "Injenia, kugusana si kupitana. Hapa kwenye avenu ya soko iko nyumba mbili zinagusana ukuta kwa ukuta, na wenye nyumba hawasalimiane toka nyanya zao. Na kule kwetu iko nyumba mbili, kati yao hatua makumi tatu na shimo, na wanapika mu sufuria moja. Masini yako itaozesha wale wasiopendana, na itatenganisha ndugu."

Wengine mu biro wakacheka pia. Yeye hakucheka.

Nilirudi nyumbani nikakamata karton za sabuni na za biskuti, nikajenga kartie yetu juu ya ubao. Kwa bonde niliweka karton chini, kwa mulima juu ya tofali. Nikafumua sweta yangu nyekundu, uzi yake nikaivuta toka jiko mpaka jiko, kila mahali fagio zinakutana. Mahali pa kupita mutu, uzi moja. Pa beseni, uzi mbili. Pa kipoyi, nilisuka tatu. Nikabeba ile ubao kichwani mpaka biro, na watu mu njia waliniuliza kama nauza sabuni.

Théophile aliizunguka, mikono mu mifuko. Nitasema kweli, aliiangalia muda mrefu. Kisha akasema: "Mama Furaha, hii ni muzuri kwa batoto wa shule. Masini haitaki uzi. Inataka vitu safi."

"Basi utaweka wapi hizi njia?"

"Nimeziona mu daftari zako. Nimezisafisha."

"Kuzisafisha namna gani?"

"Nimezitoa."

Ubao yangu iliwekwa inje, karibu na jenereta. Mvua ya Bunia haiombe ruhusa. Jioni niliikuta, karton imekuwa uji, uzi peke yake njo ilibaki juu ya ubao, imelala bila nyumba. Nilikusanya ile uzi. Bado niko nayo. Na kisha wiki tatu nikapewa barua ya kupumzika, kuacha kazi kabisa. Goti yangu ilikubali ile barua. Miye hapana.

Hapa mutasema: Mama, ni kazi tu, ni ekrani tu. Nilijua mutasema vile. Njo sababu nafika sasa mahali muliniomba nisifike.

Dada yangu mukubwa aliitwa Béatrice. Alikaa mu avenu ingine, na nyuma yake alikaa Gaspard. Gaspard ni mutu wa hapa hapa, tulikua naye, mama yake alitutumaka chumvi na siye tulimutumaka. Siku moja kuku mbili za Gaspard zikapotea. Akasema zinapitia kwenye mulango ya chumvi. Akaleta tofali, akaifunga mu asubuhi moja, bila kuongea.

Béatrice alikwenda kwake na adabu. Nilimusindikiza. "Gaspard, ndugu yangu, nitakulipa kuku."

"Si kuku, Mama Béatrice. Ni utaratibu. Kila mutu kwake."

"Na kama moto inawaka?"

"Utapitia mbele. Mulango ya mbele Mungu alikupa ya nini?"

Wiki mbili kisha, vita ikaingia mu muji. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nachagua mboga. Watu wenye bunduki walikuya kwa avenu, mbele. Niliwashika batoto wangu wawili na nikapita kwa nyuma, jiko mpaka jiko. Nilihesabu kisha, kichwani, kwa miaka mingi: mulango saba. Kwa ingine sufuria zilikuwa bado juu ya moto, na mama wa pale alitusukuma mbele, anakuya nyuma yetu, na wake batoto. Hakuna hata moja ilikuwa imefungwa. Tulifika kwa mto tukavuka.

Béatrice pia alikimbia nyuma. Mutu akiogopa, muguu inaenda mahali ilizoea. Alifika kwa tofali. Wale watu walimukuta pale.

Gaspard wakati ile alikuwa Niania kwa biashara yake. Hakubeba bunduki, hakutuma mutu. Najua. Wale walioua, Mungu anawajua majina, miye nilikuwa nakimbia, sikuwaona uso. Lakini ile tofali najua nani aliiweka, na ile naandika. Njo juu ya ile nilienda kwa Anselme kuomba kazi, darasa yangu ya sita mu mukono. Alipotaka kujua sababu, nilimuambia nataka kuandika milango.

Sasa munaelewa vile nilisikia, siku Neema alikuya kwangu mbio na kusema: "Gaspard amenunua ile lupango ya chini. Anataka kujenga depo. Ukuta yake inapita kwenye ngazi yetu."

Ile lupango ya Neema leo haiko ya watu watano. Kumejaa jamaa zilizokimbia vita kule Djugu, wanalala mu jiko, mu baraza, chini ya hema. Bibi mumoja wa kule aliniambia, siku alifika, kitu cha kwanza alitafuta haikuwa maji. Alizunguka nyuma ya nyumba akatafuta pa kutokea. Alipoona ngazi, akaweka mizigo chini.

Shefu wa kartie alituita wote. Gaspard alikuya na saa ya dhahabu, Théophile na ordinateri chini ya kwapa, siye ba mama na miguu yetu. Gaspard alisema wezi wanapitia pale. Nikamuambia: "Mara ya kwanza ilikuwa kuku."

"Mama Furaha, ile ni mambo ya zamani. Siye wote tulipoteza."

"Weye ulipoteza kuku mbili."

Shefu akapiga meza. "Tuongee ya leo. Injenia, kuna njia pale, ao hakuna?"

Théophile akafungua ekrani. Kartie yetu ikasimama, safi kabisa. "Kati ya hii nyumba na hii, shefu, hakuna muunganiko."

"Hakuna juu ulifuta," nikasema.

"Nilisafisha data, Mama. Haikuwa na sheria."

"Sawa. Injenia, masini yako inaweza kutembeza mutu?"

Akatabasamu. "Inaweza."

"Muweke jikoni kwa Neema. Umupeleke kwa mto."

Akabonyeza. Kamustari ka kijani kakatoka jikoni, kakaenda mbele, kakaingia avenu kubwa, kakazunguka soko, kakapita karibu na daraja, kakashuka, mwishoni kakafika kwa mto. Théophile akasema na furaha kidogo: "Dakika makumi mbili na moja."

Neema akasema: "Miye naendaka na ndoo, narudi, na ugali bado haijashika chini."

Watu walicheka. Nilingoja wanyamaze. "Théophile," nikamuambia, na hii mara sikumuita injenia, "huyu mutu wako umemupitisha kwenye avenu. Siku ile, wao walikuwa kwenye avenu. Umemupeleka kwao."

Aliangalia ekrani, kisha mikono yake. Kwa heshima yake nitaandika hii: masikio yake ilikuwa nyekundu, na alifungua mudomo kama mutu anataka kusema. Kisha Gaspard akakohoa, na Théophile akafunga mudomo. Pale njo nilimutia kwenye orodha yangu. Kufuta, ni ujinga, nayo inasamehewa. Kunyamaza wakati unajua ni kitu ingine.

Shefu alisema, biro inasema hakuna njia, basi kwa serikali hakuna njia, na Gaspard iko na karatasi yake. Gaspard akasimama. Alipita karibu yangu, na akasema polepole, karibu kama zamani: "Furaha, usinichukie hivi. Sikumuua."

"Sijasema ulimuua. Nasema uliweka tofali. Na leo unaweka tena."

Walitoa ngazi ya libuyu, wakaipeleka sijui wapi. Ukuta ilipanda mu siku ine. Neema alisimama karibu na mafundi kila siku na kuwauliza kama mama zao wanajua kazi wanafanya. Ukuta ikaisha, na ba mama wa Djugu wakaanza kuzunguka na ndoo kwa avenu. Miye nilikaa kitandani siku mbili. Sioni haya kuandika hii. Nilisema kazi yangu yote imekuwa uji, kama zile karton.

Siku ya tatu niliamuka saa kumi na mbili, juu mwili ilizoea. Nilivaa suruali yangu chini ya kitenge, nikakamata mita na daftari, hata sijui ya nini, na nikaenda kwa Neema nyuma.

Alikuwa anafagia. Alifagia uwanja, akafagia nyuma ya jiko, akafagia ile nafasi nzima mpaka kwa tofali, mpaka fagio inagonga ukuta. Mistari ilikuwa muzuri, kama vidole. Yule bibi wa Djugu alikuwa nyuma yake, anaokota majani na mukono.

"Unafagia ya nini?" nikamuuliza. "Nani atapita hapa?"

"Usiniulize, Furaha. Ukiniuliza, nitakudanganya." Akaweka kidole kwenye mudomo. "Sikiliza."

Nilisikiliza. Ng'ambo ya ukuta, kule chini, mahali jirani wa kando ya depo bado anakaa na binti zake, nilisikia: shaa, shaa, shaa. Fagio. Inakuja, inakuja, inagonga tofali upande ule. Inasimama. Neema akagonga na yake, mara moja. Kule wakajibu.

Basi, ninyi ba kijana, muchukue masini yenu. Ni masini muzuri, sisemi vibaya juu yake, inajua kimo kushinda Anselme, na haiogope mbwa. Lakini muipe uzi. Muikatae mpaka ikubali uzi. Na mutu mwenye shati nyeupe akiwaambia hakuna kitu kati ya nyumba mbili, mumuulize alifika pale saa ngapi. Kama iko na kiburi, mumutume kwangu.

Ile asubuhi nilichuchumaa, goti ikalia, na nikafanya kazi yangu vile nilifundishwa. Niliangalia fagio ya huku. Nilisikia fagio ya kule. Nilipima. Sikuandika na hasira, mwandiko yangu iko wima, munaweza kuja kuiona. Niliandika hivi:

Toka jiko ya Neema mpaka kwa mto. Mulango iko hai. Upana, metre moja na nusu, vijiti tatu. Kushuka, metre mbili. Ndani ya mulango iko tofali, kimo metre mbili na nusu. Ya muda.